Pwani ya Uingereza si Pwani Moja

Wahenga wetu walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii nimeitaja mara nyingi barazani petu Kibokoni, hasa inapozungumzwa posa ya mtu. Lakini maana yake kamili niliionja mwezi wa Juni mwaka 2025, nilipozunguka miji minne ya pwani ya Uingereza nikiwa na mkoba mmoja, kofia mbili na daftari la shule.

Sikwenda kutembea. Nilikwenda kwa ajili ya binti yangu. Yeye ni nesi, naye alikuwa amekwisha kukaa miaka mitatu katika mji wa Leicester pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Leicester uko katikati ya nchi, mbali na maji ya chumvi kila upande. Si mji wa kulaumiwa. Misikiti ni mingi, nyama ya halali iko kila pembe, na Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walihamia huko kwa maelfu, hata ukitaka muhogo na nazi huhangaiki. Lakini siku moja binti yangu alinipigia simu, na baada ya salamu akanyamaza kidogo.

"Baba," akasema, "huku kuna kila kitu ila bahari. Nimezaliwa nikisikia maji yakipiga mawe chini ya Ngome. Hawa watoto wangu wakiambiwa bahari, wanafikiri ni picha. Nataka tuhamie pwani. Njoo unisaidie kuchagua."

Katika miji minne ya pwani palikuwa na hospitali zilizotaka manesi, na mwenyewe alikuwa hajui pa kushika. Nauli akaileta yeye.

Maswali matatu ya mamake

Mke wangu hakulipenda jambo hili. "Mtu haachi misikiti kumi akafuata maji," alisema. Hata hivyo, aliponiona nimekwisha kupata viza, alinikalisha chini akanipa wosia. "Ukifika katika kila mji, usitazame majumba. Uliza mambo matatu. Watoto watasomea wapi Kurani? Watakula nyama iliyochinjwa na nani? Na siku Mwenyezi Mungu akimchukua mmoja wao, ni nani atakayemwosha na kumzika?"

Niliyaandika maswali hayo katika ukurasa wa kwanza wa daftari. La nne nikaliongeza mwenyewe, maana mimi nimefanya kazi bandarini Kilindini miaka thelathini na moja: je, maji ya huko yanajaa na kupwa kama maji, au ni ziwa tu la kutazamwa?

Mchinjo ulikuwa umekwisha kupita nilipofika. Nilipumzika siku mbili, kisha tukaanza safari. Binti yangu alikuwa amechukua likizo, na mjukuu wangu mkubwa, mwenye umri wa miaka tisa, akaja nasi. Mtoto huyu nikimsemesha kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Sikumkaripia, lakini moyoni liliniuma.

Kasri lisilo msikiti

Mji wa kwanza ulikuwa Brighton, kusini mwa London, mwendo wa saa moja hivi kwa gari la moshi. Zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi tu. Katika miaka ya 1750, daktari mmoja aliyeitwa Richard Russell aliwaaminisha matajiri kwamba maji ya bahari ni dawa, ya kuoga na hata ya kunywa. Nilipoelezwa haya nilicheka, nikakumbuka tulivyokuwa tukipigwa na wazee kwa kuyameza maji hayo hayo bila kukusudia. Baadaye mwana wa mfalme, ambaye alikuja kutawala kwa jina la George wa Nne, akajenga kasri lake hapo. Na reli ilipofika mwaka 1841, watu wa London wakaanza kumiminika kila msimu wa joto.

Hapa, msomaji mpenzi, ndipo nilipoanza kufahamu jambo ambalo laiti ningalilijua tangu mwanzo. Miji mingi ya pwani ya Uingereza haikujengwa na watu wa bahari. Ilijengwa kwa ajili ya watu wa bara wanaokuja kuitazama bahari kwa siku mbili kisha wakarudi kwao. Ndiyo maana utakuta mahoteli yamepangwa yakielekea majini, magati marefu yasiyofungwa meli hata moja, na maduka ya peremende. Watu walipoanza kupanda ndege kwenda kuota jua Hispania, katika miaka ya 1960 na 1970, mingi ya miji hiyo ilidhoofika. Brighton haukudhoofika, kwa kuwa uko karibu na London. Matokeo yake ni kwamba kodi ya nyumba ni ya kutisha. Binti yangu alipiga hesabu ya mshahara wake juu ya karatasi, kisha akaikunja karatasi.

Kasri lenyewe bado lipo. Lilipata sura yake ya sasa kati ya mwaka 1815 na 1822 mkononi mwa mjenzi John Nash, na ukiliona kwa mbali utadhani ni msikiti wa Bara Hindi, kwa makuba yake na vitu mfano wa minara. Mjukuu wangu aliniuliza kama tutasali humo. Nikamwambia hapana, hiyo ni nyumba ya anasa ya mfalme iliyovikwa kanzu ya watu wengine.

Lakini kasri hilo lina habari nyingine, nayo inatuhusu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia Desemba 1914 hadi mwanzoni mwa mwaka 1916, liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa. Jikoni walitenganishwa, Waislamu wapikiwe chao na Mabaniani chao, na nyama ya kila watu ikachinjwa kwa desturi yao. Mabaniani na Makalasinga waliofariki walichomwa katika vilima nje ya mji, na hapo pakajengwa ukumbusho uitwao Chattri, uliofunguliwa mwaka 1921. Waislamu waliofariki walichukuliwa mpaka Woking, mbali na bahari, wakazikwa karibu na msikiti wa Shah Jahan uliojengwa mwaka 1889, kwa kuwa Brighton wakati huo hapakuwa na msikiti wala maziara yao.

Leo Brighton una misikiti na Waislamu wake, nisiwadhulumu. Lakini habari ya wale askari haikunitoka. Wametibiwa katika kasri, na kaburi wakaenda kulitafuta mji mwingine.

Jioni tulishuka ufukoni. Hakuna mchanga pale maji yanapopiga, ni kokoto tupu, nyingine kubwa kama yai la kuku. Mjukuu wangu alivua viatu, akapiga hatua nne, akaanza kulia. Shakwe akaja akampokonya kibanzi cha kiazi mkononi, na kilio kikawa cha pili. Nikaandika katika daftari: Bahari ipo, ufuko hamna.

Mzee wa Southsea

Kutoka hapo tulikwenda Portsmouth. Mji huu sehemu yake kubwa ni kisiwa, kama Mvita yetu, na mtu huingia kwa madaraja. Ni mji wa manowari tangu karne nyingi. Kusini mwake iko Southsea, mtaa wa ufukoni unaotazamana na kisiwa cha Wight, na hapo mimi nilikuwa na haja yangu binafsi.

Wazee wenzangu wanakumbuka kwamba mpaka Desemba 1963 mwambao wetu, ukanda wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea juu ya Ngome. Mkataba wa kuutoa ulitiwa sahihi Oktoba mwaka huo. Sultani wa mwisho, Seyyid Jamshid bin Abdullah, alikuwa amekalia kiti tangu Julai 1963 tu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimtoa Unguja kwa meli yake. Alikuja Mombasa, serikali ikamkatalia kushuka, akaendelea mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko akapelekwa Uingereza kwa ndege.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita. Marehemu baba aliniambia baadaye kwamba alikwenda kuitazama ile meli kwa mbali, akarudi nyumbani, akala chakula cha usiku bila kusema neno. Si kwamba alimpenda au alimchukia. Alisema tu kwamba hajapata kuona mtu aliyefika nyumbani akaambiwa si kwake.

Basi Sultani huyo aliishi Southsea kwa zaidi ya miaka hamsini, katika nyumba ya kawaida. Aliomba ahamie Omani, nchi ya wahenga wake, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa. Aliruhusiwa mwaka 2020, naye akafariki huko Omani tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 95.

Nilikaa katika benchi, nikayatazama maji ambayo mzee yule aliishi kando yake miaka yote hiyo. Nilijiuliza ni mara ngapi aliyatazama hayo akaona mengine. Binti yangu alikaa pembeni yangu, hakuuliza kitu. Nafikiri alifahamu kwamba sikuwa nikimwaza Sultani peke yake.

Kwa haki, Portsmouth uliyajibu maswali ya mke wangu vizuri. Upo msikiti, wapo Wabangladeshi wengi wenye maduka na mikahawa, na madarasa ya Kurani hayakosekani. Lakini nafasi iliyokuwapo hospitalini ilikuwa ya zamu za usiku mtupu, na mama wa watoto wawili hawezi kulala mchana miaka yote. Tukaondoka.

Bahari iliyofungwa mlango

Mji wa tatu ulikuwa Cardiff, makao makuu ya Wales. Hapa nilipata faraja, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimefika katika mji wa bandari ya kazi. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Cardiff ulikuwa katika bandari kubwa kabisa za makaa ya mawe duniani. Makaa hayo yalihitaji meli, na meli zilihitaji watu wa kuyatia katika matanuru. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na Aden ikiwa chini ya Waingereza, Wasomali na Wayemeni wakaanza kuajiriwa melini. Wengi waliishia Butetown, mtaa wa bandarini uliokuwa ukijulikana kwa jina la Tiger Bay. Wakaoa wanawake wa huko, wakafungua mikahawa na nyumba za kulala mabaharia, wakajenga msikiti katika Peel Street. Msikiti huo ulipigwa bomu na Wajerumani mwaka 1941, nao wakasimama tena wakajenga mwingine.

Nilisali adhuhuri na Wasomali. Baada ya sala mmoja aliposikia natoka Mombasa alinikumbatia, akaniuliza habari za jamaa zake wa Kisimayu kana kwamba mimi ni jirani yao. Mambo ya Kurani, nyama na maziko hayakuhitaji kuulizwa. Niliyaona kwa macho.

Lakini haifai kumdanganya msomaji. Mji wa bandari nao una machungu yake. Mwezi wa Juni 1919, baada ya vita, wazungu waliokosa kazi waliivamia mitaa ya mabaharia weusi na Waarabu, na watu watatu wakauawa. Mwaka 1952 baharia wa Kisomali aitwaye Mahmood Mattan, baba wa watoto watatu, alinyongwa katika gereza la Cardiff kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mkewe, mwanamke wa Kiwelshi, alipigania jina la mumewe miaka arobaini na sita, mpaka mahakama ya rufani ikaifuta hukumu hiyo mwaka 1998. Mwaka 1996 mwili wake ulikuwa umetolewa gerezani ukazikwa katika sehemu ya Waislamu ya makaburi ya mji. Nilipoisikia habari hiyo nilimwambia binti yangu: tazama, hata marehemu alipigania kaburi.

Kilichonishinda Cardiff ni maji yenyewe. Mlango wa bahari wa huko una kupwa na kujaa kukubwa kabisa, katika bahari chache sana duniani maji hupanda kiasi hicho. Kwetu bamvua ikipanda mita nne tunasema maji yamejaa. Kwao hupita mita kumi na mbili. Lakini matope ya maji kupwa yaliwachukiza wenye kuujenga mji upya, wakaijengea ghuba ukuta mkubwa uliokamilika mwaka 1999. Sasa ndani yake ni ziwa la maji baridi, limetulia kama beseni, na pembeni kuna mikahawa ya kupendeza. Nilisimama saa nzima nikingoja maji yaende mahali. Hayakwenda. Ama Mtaa wa Butetown wa zamani, mwingi wake ulikwisha kubomolewa katika miaka ya 1960.

"Vipi, Baba?" binti yangu aliuliza.

"Watu nimewaona," nilimjibu. "Bahari imefungiwa nje."

Likoni ya kaskazini

Mji wa nne ulikuwa mbali, kaskazini mashariki, unaitwa South Shields. Wengi hapa kwetu hawajausikia, nami sikuwa nimeusikia. Uko mahali mto Tyne unapoingia katika Bahari ya Kaskazini. Siku tuliyofika ilikuwa Juni, jua limewaka, na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Tulishukia ng'ambo ya pili ya mto, na ili kuvuka ilitubidi tupande feri. Mwendo wake ni dakika saba hivi. Watu walisimama na baiskeli zao, na vikapu vyao, na watoto wao, upepo ukivuma, harufu ya chumvi na mafuta ya injini ikitupiga puani. Mjukuu wangu alishika chuma cha pembeni, akatazama ng'ambo hii na ng'ambo ile, kisha akageuka akaniambia: "Babu, Likoni!"

Alikuwa amevuka Likoni alipokuwa na miaka mitano, nami sikujua kama anakumbuka. Lilikuwa neno moja tu, lakini lilikuwa letu. Binti yangu akaugeuza uso akatazama maji.

Mji huu nao ni wa mabaharia. Wayemeni walianza kutua hapo tangu miaka ya 1890, wakitia makaa katika meli. Wengi walizama katika Vita Vikuu vya Kwanza na vya Pili, meli zao zilipopigwa. Waliobaki walioa, wakazaa, wakajenga. Msikiti wa Al-Azhar ulioko Laygate ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Julai 1977 bondia Muhammad Ali alifika hapo na mkewe, ndoa yao ikasomewa dua. Hadi leo wazee wa mji huanza nayo habari hiyo kabla hujawauliza lolote.

Na kuna jambo la kale zaidi. Juu ya kilima, ukiutazama mlango wa mto, ipo ngome ya Warumi iitwayo Arbeia. Katika karne ya nne waliwekwa hapo askari wa mashua waliotoka mto Tigris, nchi ambayo leo ni Iraki. Limechimbuliwa pia kaburi la mwanamke aitwaye Regina, aliyejengewa na mumewe Barates, mtu wa Palmyra, Shamu, naye akaandikisha juu ya jiwe hilo maneno kwa hati ya kwao. Hayo yalitendeka kabla ya Uislamu. Nililitazama jiwe hilo kwa muda mrefu. Mtu wa Shamu, amefiwa na mke ugenini kwenye baridi ile, na kitu alichokitaka ni mstari mmoja wa lugha yake juu ya kaburi.

Baada ya alasiri nilikaa na mzee mmoja msikitini. Babake alikuwa Myemeni, mamake mwanamke wa mji, na Kiingereza chake ni cha huko huko, hata binti yangu alikifahamu nusu. Nilipomtajia Mombasa akasema, "Kilindini!" Babake alikuwa akiitaja bandari hiyo alipokuwa akihadithia safari zake. Nilimuuliza maswali ya mke wangu. Alicheka, akasema madarasa ni jioni, bucha liko njia ile, kisha akanyanyuka akanichukua mpaka makaburini akanionyesha babake alipolala. Nikasoma Fatiha. Kisha akanieleza bila kuficha kwamba Agosti 1930 palikuwa na fujo bandarini kwa sababu ya kazi, Wayemeni wakafungwa na wengine wakarudishwa kwao, na kwamba waliobaki walibaki kwa subira.

Nikamuuliza na la juzi. Msomaji huenda anakumbuka kwamba mwisho wa Julai 2024, katika mji mwingine wa pwani uitwao Southport, wasichana watatu waliuawa kwa kisu. Ukaenezwa uongo kwamba muuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa mashua, na usiku uliofuata umati ukaushambulia msikiti wa mji huo. Fujo zikaenea hadi Sunderland, karibu kabisa na South Shields. Mzee hakukana. "Tulifunga milango, tukaomba dua," alisema. "Lakini pale Southport, asubuhi yake majirani wasio Waislamu walikuja na matofali, wakaujenga upya ukuta wa msikiti. Yote mawili ni kweli. Mwambie binti yako ayajue yote mawili."

Uamuzi

Jioni ile tulikwenda ufukoni. Ufuko wa South Shields ni mchanga, mpana na mrefu, na maji yalikuwa yanakupwa, tena yanakupwa hasa, yakiacha mistari mchangani kama ya Nyali. Mjukuu wangu alikimbia mpaka akachoka. Aliingiza mguu majini akautoa mara moja akipiga yowe, maana hata wakati wa joto maji hayo ni kama ya friji. Magharibi iliingia saa nne kasorobo za usiku, na giza lenyewe halikuja sawasawa, hata wakati wa isha unafuatwa kwa ratiba ya msikiti. Ramadhani ilipoangukia Juni, kama mwaka 2016, funga yao ilipita saa kumi na nane. Desemba mambo hugeuka, magharibi ikawa saa tisa na dakika arobaini za mchana, mtoto angali anatoka shule. Anayehamia kaskazini na ayajue haya kabla hajafungasha.

Nilimsomea binti yangu daftari langu mji kwa mji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Baba, mimi nimekuuliza mji wa kuishi. Wewe na mama mnaniulizia mji wa kufa."

Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilimwambia hivi: "Mwanangu, mji wenye watu wa kukuzika ndio mji wenye watu wa kukuletea uji ukiwa mgonjwa, na wa kukaa na watoto wako ukiitwa zamu. Mamako hakukuulizia kaburi. Amekuulizia majirani."

Alinishika mkono akaubusu, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo akienda chuoni. Nami, kusema kweli, nilikuwa nimeficha kitu moyoni tangu Mombasa. Nilitumai kwamba akiiona miji yote minne asiipende hata mmoja, atasema basi, narudi nyumbani. Hakusema hivyo. Aliniuliza kama South Shields nimeupenda. Nikamwambia nimeupenda, na nilikuwa nikisema kweli, ingawa haikuwa rahisi kuisema.

Walihamia mwezi wa Septemba. Kodi ya nyumba ni nafuu kuliko Brighton kwa mbali. Baridi wanailalamikia kila siku. Ijumaa moja mjukuu wangu alituma kwa simu sauti ya mawimbi, hakusema chochote, ni maji tu yakipiga na shakwe wakilia. Mke wangu aliisikiliza mara tatu. Kisha akauliza: "Huyo mzee wa Kiyemeni, wamempelekea halwa?"

Nikamwambia wamempelekea.

Kwa vijana wetu wanaofikiria safari kama hiyo, wala sikuja hapa kuwazuia, nasema hivi. Pwani ya Uingereza si pwani moja. Kuna miji iliyojengwa kwa wanaokuja kutazama bahari, na kuna miji iliyojengwa na waliofanya kazi juu yake, na hii ya pili ndiyo waliyofikia watu wa dini yetu na wa bahari yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wala usidhani kwamba huko hakuna shida. Watu hao walipigwa, walifungwa, walinyongwa, na bado wakajenga misikiti ambamo mgeni anaingia leo akaitikiwa salamu. Kabla hujatazama picha za ufuko, peleka yale maswali matatu ya mke wangu. Na ukipata majibu, usisahau kupeleka halwa.